Maswali ya Madame Clémentine

Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, ina wivu wa kila namna. Uko wa mke mwenza, ambao una nyimbo zake. Uko wa muuzaji anayeona wateja wanampita wanakwenda kwa jirani, na uko wa mwimbaji wa kwaya aliyeona mwenzake kapewa kipaza sauti Jumapili ya sikukuu. Huo wote watu wanaujua, wanaucheka, na mchungaji ana mahubiri yake juu yake. Lakini wivu uliompata Orpa, muuza unga wa soko la Panda, haukuwa na wimbo wala mahubiri. Orpa alimwonea wivu mwalimu wa binti yake, tena mwalimu ambaye hakuwa amewahi kumtia machoni.

Pale sokoni hakuna aliyemwita Orpa. Aliitwa Mama Mimi Bunga: Mama Mimi kwa kuwa Mimi ndiye kifungua mimba wake, na Bunga kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliomlisha yeye na watoto wake wawili. Siku aliponunua simu yake ya kupapasa, muuzaji alimwuliza aandike jina gani humo ndani, naye akataja lile ambalo kila mtu anamjua nalo. Basi popote simu ile ilipopita mtandaoni, ilipita kwa jina la Mama Mimi Bunga.

Alikuwa mwanamke wa mikono minene na ulimi mwepesi. Mumewe, Numbi, alikuwa mchimbaji wa kujitegemea. Alikwenda kwenye mashimo upande wa Kambove, akapotea wiki nzima au zaidi, akarudi na vumbi kwenye kope na njaa ya ajabu. Nyumba ilisimama juu ya Orpa. Yeye ndiye aliyeamka, aliyepika, aliyegomba, aliyeomba, na yeye pia ndiye aliyesimulia. Kwenye harusi au matanga, watu wakianza kusinzia, mtu angesema, "Mama Mimi, utuambie ile ya shimo," naye angeanza.

Ile ya shimo ilikuwa hivi. Mwaka mmoja, Mimi akiwa na miaka kumi na mdogo wake Exaucé hajafika hata minne, habari ilifika sokoni kwamba shimo limebomoka kule anakochimba Numbi. Orpa aliacha meka, ule mkebe wake wa kupimia, umezama kwenye gunia. Akapita nyumbani mbio, akamwambia Mimi abaki na mtoto, akapanda teksibisi ya Kambove na kandambili moja tu mguuni. Alilia njia nzima. Alipofika, alimkuta Numbi chini ya hema la plastiki, mzima kama kinu, anakula samaki. Shimo lililobomoka lilikuwa la watu wengine, nao walitoka salama. Orpa alimpiga mumewe kwa ile kandambili moja, kisha akakaa naye wakamaliza samaki pamoja. Hapo watu wote wa matanga walikuwa wanacheka, hata mfiwa.

Mimi hakuwa msimulizi. Alikuwa na miaka kumi na minne sasa, yuko sekondari, na pale nyumbani alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Ukimuuliza shule iliendaje, anasema, "Muzuri." Ukimuuliza amekula nini, anasema, "Chakula." Orpa alijiambia kwamba ndivyo walivyo wasichana wa umri ule, na kwamba kinywa kimoja kilitosha nyumba nzima.

Kisha akaja Madame Clémentine. Alikuwa mwalimu mpya wa Kifaransa, mwanamke aliyesomea chuo cha Mulungwishi, akahamia Likasi na kompyuta moja ya zamani na mpango wake kichwani. Alitaka darasa liandike kitabu kwa Kiswahili cha nyumbani na kukichapisha mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kukisoma. Hakuomba mzazi hata franka moja. Alisema mtandao umejaa vyombo vya bure ambavyo watu wanavipita tu. Kuna ukurasa ambao darasa zima linaweza kuandika pamoja, kila mtu kwa simu yake. Kuna chombo cha kupanga kurasa na kutengeneza jalada, na kuna mahali pa kukiweka kitabu hadharani. Wanafunzi hawakuwa na simu, basi wakatumwa kuazima za wazazi.

"Mama, unipatie téléphone kiloko," Mimi alisema jioni moja. "Tunaandika kitabu."

"Kitabu? Tangu lini kitabu kinaandikwa na téléphone?"

"Njo vile. Haiko ya kulipa. Ni mega tu za internet."

Orpa alimpa, tena kwa fahari. Kesho yake alimtangazia Marceline, jirani yake wa sokoni aliyeuza kapenta, vile visamaki vikavu, kwamba binti yake anaandika kitabu. Marceline alikuwa mtu wa kupenda habari kuliko mauzo, akaomba aone. Wakaufungua ule ukurasa pamoja. Humo watoto walikuwa wanajulikana kwa majina ya simu za wazazi: mtoto wa fundi alikuwa Garage Bertin, mwingine alikuwa Pasta Damas, na kila alichoandika Mimi kilisimama chini ya jina Mama Mimi Bunga. Wanawake wawili wakacheka mpaka wateja wakageuka.

"Ni weye unasoma sekondari sasa!" Marceline alisema.

Mimi alikuwa ameandika ile ya shimo. Orpa alipoiona alijisikia vizuri sana, kwa sababu ilikuwa hadithi yake, na sasa ingefika hata kwa ndugu wa Kolwezi. Aliisoma kwa sauti, akarekebisha kwa mdomo pale ambapo mtoto alikuwa amesahau kilio cha njiani.

Lakini pembeni mwa maneno ya Mimi kulikuwa na maneno mengine, madogo, ya Madame Clémentine. Huyu mwalimu hakuwa wa kalamu nyekundu. Yeye aliuliza tu. Asubuhi, wakati wa mapumziko, alipita kwenye maandishi ya kila mtoto na kumwachia swali, na kwa kuwa asubuhi simu ilikuwa sokoni, kila swali la Mimi lililia kwanza mfukoni mwa mama yake.

*Mimi, mikono ya mama ilikuwa namna gani siku ile?*

Na jioni Mimi akajibu: *Ilikuwa na bunga mpaka ku kiwiko. Mama anakuwaka na bunga ata kama ananawa. Siku ya Mungu minaangalia bunga nyuma ya masikio yake, na minajua niko kwetu.*

Orpa alilisoma jibu hilo asubuhi ya pili, amekaa juu ya gunia. Alipeleka kidole nyuma ya sikio, akakuta kweli kuna unga. Alicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana alifikiria: huyu mtoto aliyaweka wapi maneno haya? Miaka yote ananipa "muzuri" na "chakula", na kumbe humo ndani kuna vyote hivi, na vinamwendea mwanamke mwingine.

Hapo ndipo ulipoanza, na ulipoanza haukumpa nafasi. Kila simu ilipolia aliacha mteja amesimama. Madame aliuliza nyumba yao inanukia nini, Mimi akajibu mistari mitano. Madame aliuliza baba akirudi anaweka wapi viatu, Mimi akajibu, na mle ndani mlikuwa na jambo ambalo Orpa hakulijua: kwamba mtoto huamka kabla ya watu wote kwenda kuhesabu kama viatu viko viwili. Nani alimwambia Orpa? Hakuna. Mwanamke wa Mulungwishi, ambaye hata hajui mlango wao unaelekea wapi, alijua kabla yake.

Ndivyo Orpa alivyoanza kumshika mtoto kwa mambo madogo. "Kwani Madame wako anakupikiaka?" alimwuliza Mimi alipochelewa kuosha sahani. "Umuambie akukuye kukusuka nywele basi." Mimi aliinama tu juu ya sahani. Jumapili, kwenye maombi, dada mmoja wa kikundi aliuliza nani ana haja, Orpa akainua mkono na kusema ana adui. Wakamwombea adui ashindwe, wala hakuna aliyejua kuwa adui anafundisha Kifaransa.

"Huyu Madame ni mutu wa namna gani?" alimwuliza Marceline.

Marceline alikuwa amekwisha kupeleleza, bila kutumwa. Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Haiko na mutoto, mama. Bwana yake alimurudisha kwabo juu ya ile. Chunga weye! Mutu akikosa wake, anaangaliaka wa bengine."

Angekuwa na busara Marceline asingesema, na angekuwa na busara Orpa asingesikia. Lakini busara haikuwa na kibanda soko lile. Orpa aliyashika maneno hayo, akayalaza.

Siku ya Jumanne simu ililia. Madame alikuwa ameisoma ile ya shimo mpaka mwisho, na ameacha swali moja refu kuliko mengine.

*Mimi, hii ni muzuri sana, lakini yote ni habari ya mama. Anakimbia, analia, anamukuta papa. Na weye? Ulibakia ku nyumba na mutoto. Siku ile yote, weye ulifanya nini?*

Orpa alingoja jibu kuliko Madame alivyolingoja. Jioni Mimi alichukua simu, akakaa nayo muda mrefu, akairudisha. Asubuhi, kabla ya kufungua gunia la kwanza, Orpa alifungua ukurasa.

*Madame, ile nitaandika kisha. Nitafute kwanza maneno. Hakuna mutu aliniuliza. Ni weye wa kwanza.*

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Orpa aliusikia ule uchungu, ila ulikuwa umechanganyika na aibu, na aibu ikipanda kwa mtu wa hasira hugeuka hasira hapo hapo. Ni kweli, hakumwuliza. Miaka minne alikuwa ameisimulia siku ile kwa nusu ya Likasi, na hakuwahi kugeuka kumwuliza mtoto aliyemwacha mlangoni. Sasa mgeni amegeuka mara moja tu na kuuliza, na mtoto amemwandikia "ni weye wa kwanza" mbele ya darasa zima.

Hakufikiri. Vidole vikiwa na unga, aliandika chini ya jibu la Mimi:

*Wacha kuuliza maneno ya nyumba ya bantu. Weye hauko mama. Kama unapenda mutoto, zala wako.*

Akabonyeza. Akapima meka mbili za mteja wa kwanza, na moyo wake ulikuwa mtamu kama wa mtu aliyejikuna anapowashwa. Utamu ule ulidumu mpaka kama saa nne. Kisha mapumziko yakafika, watoto waliobeba simu za wazazi shuleni wakaufungua ukurasa, na simu ya Orpa ikaanza kulia mfululizo.

Sasa hapa ndipo pa kushika kichwa. Orpa alikuwa ameandika yeye mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, na kwa jina lake halali, Mama Mimi Bunga. Lakini ndani ya ukurasa ule jina hilo lilikuwa la Mimi. Miezi yote darasa lilikuwa linamsoma Mimi chini ya jina lile, na hakuna aliyekumbuka kwamba lina mwenyewe. Watoto waliona Mimi, mnyamavu wa kiti cha nyuma, kabla ya kuja shuleni amemtukana Madame utasa wake mbele ya watu wote.

*Mimi uko mubaya*, aliandika Garage Bertin, ambaye kwa kweli ni mtoto mmoja anaitwa Ricky. *Madame anakutendea muzuri hivi.*

Wengine wakaandika mabaya zaidi. Orpa alisoma yote. Alijiambia kwamba mtoto yuko hukohuko shuleni, ataeleza, atasema ni mama yake, na yataisha.

Siku ile Orpa alifunga mapema, na Mimi alirudi mchana akamkuta nyumbani, akaweka mkoba chini. Hakupiga kelele. Orpa alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, alikuwa na majibu yake yote tayari, lakini mtoto alimtazama tu, kisha akanyoosha mkono.

"Mama, mega zinabakia?"

"Zinabakia."

Mimi aliandika amesimama, akarudisha simu, akaenda kuchota maji. Orpa aliingia chumbani ndipo akasoma.

*Madame, pardon sana. Ni minye niliandika. Nilikuwa na hasira.*

Na chini yake Madame alijibu kabla hata ndoo ya Mimi haijajaa: *Nimeona. Ilishaisha, Mimi.*

Orpa alikaa kitandani. Mtoto alijua. Alijua tangu alipoliona lile neno, kwa sababu nani mwingine anashika simu ile? Na badala ya kumtaja mama yake mbele ya darasa, alilibeba yeye. Orpa alitaka kumwita. Alifika mpaka mlangoni. Alimwona amebeba ndoo, shingo imenyooka, akashindwa hata kusema lete nikusaidie.

Basi adui alikuwa ameshindwa, kama walivyoomba. Maswali yalikoma. Pembeni mwa maandishi ya Mimi hapakuwa na kitu tena isipokuwa *Très bien*, yaani vizuri sana, na kesho yake tena *Très bien*. Orpa alikuwa amepata alichokitaka. Cha ajabu hakikumshibisha hata kidogo. Aliendelea kuufungua ukurasa, akaona Madame anamwuliza Ricky juu ya harufu ya mafuta ya gari la baba yake, anamwuliza mtoto wa Pasta Damas kuhusu dari ya kanisa, anauliza, anauliza, na wa kwake amepitwa. Ndipo wivu ukageuka upande wa pili, ukamchoma vilevile. Kwa nini Ricky aulizwe na Mimi asiulizwe? Huyo Ricky ana nini cha kusema?

Alhamisi ya wiki iliyofuata hadithi ya shimo haikuwepo. Mimi alikuwa ameitoa mwenyewe. Aliacha mstari mmoja: *Mufunge kitabu bila yangu.* Kitabu kilikuwa kinafungwa Jumamosi jioni.

Orpa aliposoma mstari ule alisema "Yesu" kwa sauti, na Marceline akaacha kapenta zake akaja. Orpa akamweleza yote, mpaka lile neno la kuzaa. Marceline, ambaye ndiye aliyelileta, alishika kidevu akasema ni neno baya kweli, mtu gani anaweza kusema hivyo.

"Nitaandika," Orpa alisema. "Nitasema ni minye."

Akaandika, watoto wakiwa wamekwisha kutoka shule: *Ni minye, mama yake Mimi, niliandika ile neno mubaya. Mutoto haiko na kosa. Murudishe maneno yake.*

Wakangoja, vichwa vimegusana juu ya simu. Jibu la Madame likaja.

*Mimi, uliomba pardon, na nilikubali. Sasa usimutie mama yako mbele. Haiko muzuri kumubebesha muzazi.*

Chini yake Ricky akaweka nyuso tatu za kucheka.

"Lakini ni minye!" Orpa aliipigia simu kelele. "Minye njo Mama Mimi! Minye mwenyewe!"

Marceline alicheka mpaka akakaa chini. Alijaribu kuacha, akaona uso wa Orpa, akaanza upya. "Mama, banakunyanganya jina," alisema, anafuta machozi. "Uende na miguu. Sura yako batakubali."

Ijumaa Orpa alivaa gauni la kanisani, akanawa mikono, akanawa na nyuma ya masikio. Njiani alijiambia kwamba mwanamke huyo lazima ni mrefu, mwenye manukato, aliyevaa viatu vya kisigino, kwa sababu wivu humvalisha adui vizuri. Alimkuta peke yake darasani wakati wa mapumziko. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kandambili za bluu, chaki kwenye sketi, ameinama juu ya kompyuta ambayo ilikuwa inavuta mtandao kutoka kwenye simu yake ndogo. Juu ya kioo palikuwa na jalada la kitabu, na chini yake majina ya watoto. Orpa aliyapitia haraka. La Mimi halikuwepo.

"Karibu, mama. Uko muzazi wa nani?"

"Minye njo Mama Mimi."

Madame aliinuka mara moja, akafuta kiti kwa kiganja. "Mama Mimi! Weye njo ulikimbia na soulier moja! Ikala, mama. Mutoto wako..."

"Ile neno ni yangu," Orpa alisema, kabla ya kukaa, maana alijua akikaa hatasema. "Ya kuzala. Haiko ya mutoto. Ni minye niliandika, na jana tena ni minye niliandika, na mukakatala."

Madame alibaki ameshika mgongo wa kiti. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mpira.

"Mutoto nilimusamehe siku ile ile," alisema mwishoni. "Mutoto anatupaka jiwe, haangalie linaanguka wapi. Weye ulijua linaanguka wapi?"

"Nilijua."

"Juu ya nini, mama? Nilikufanyia nini?"

Orpa alikuwa na maneno mengi ya kujitetea aliyoyapanga njiani. Yote yalimkimbia, likabaki la kweli. "Ni wivu," alisema. "Anakuambia bintu haniambiake minye. Minasomaka majibu yake, na minaona sawa vile uliingia ku nyumba yangu ukakala ku kiti yangu. Hata sasa minakuona, na wivu haiishe."

Madame hakucheka, na hakumkumbatia, na kama Orpa alitegemea hayo aliondoka bila. "Merci kwa kukuya," alisema. "Lakini siwezi kukuambia leo kama inaisha. Ile neno ilinifuata mpaka ku kitanda. Uniache siku kiloko."

"Nitakuacha."

Kisha Madame aligeukia kompyuta, akagusa hapa na pale, na hadithi ya shimo ikarudi mahali pake, kwa sababu chombo kile hakikuwa kimeitupa, kilikuwa kimeitunza tu. Akaandika jina la Mimi chini ya jalada, katikati ya wenzake. Orpa aliona herufi zikitokea moja moja.

"Inaingia vile iko," Madame alisema. "Inabakia na tundu mu katikati, pale nilimuuliza alifanya nini. Minye sitauliza tena. Ukipenda, uulize weye. Kesho mangaribi ninafunga."

Orpa alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima jambo moja lilimkera kuliko yote: hata swali la kumwuliza mtoto wake mwenyewe alikuwa amepewa na mwanamke yule.

Alimkuta Mimi uani anachekecha unga wa kesho. Exaucé alikuwa kwa majirani. Orpa alivua viatu, akachukua chekeche la pili, akakaa upande wa pili wa beseni. Walichekecha mpaka unga ukapanda. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akasema kitu kingine, kwamba unga una unyevu, kwamba jua ni kali.

"Mimi. Ile siku ya papa yako na shimo. Minye niliondoka." Alikohoa. "Weye ulifanya nini?"

Chekeche la Mimi lilisimama. "Madame njo amekutuma?"

Orpa alitaka kusema hapana. Alilitaka lile hapana kama mtu anavyotaka maji. Lilikuwa neno dogo, na hakuna ambaye angejua, na swali lingekuwa lake.

"Ni yee," alisema. "Nilienda kumuona. Nilimuambia ni minye."

Mimi akaanza tena kuchekecha, polepole, na akaongea akiwa ameelekeza macho kwenye unga.

"Exaucé alikuwa analia anakutafuta. Alilia mpaka akatapika. Nikavala kikwembe yako, ile ya kazi, ilikuwa na bunga. Nikafunga kitambala yako ku kichwa. Nikaikala ku mulango, nikamupa mugongo, asione uso. Akakuya akalala ku mugongo yangu. Akasema mama. Nikaitika."

Orpa aliweka chekeche lake chini.

"Nikapika bukari ya bunga. Ikaungua, akakula. Mangaribi bantu banapita, banasalimia, 'Jambo Mama Mimi,' juu banaona kikwembe tu. Nikaitikia. Niliwaza, kama harudi, njo itakuwa kazi yangu. Nijifunze tu leo."

"Ulikuwa na miaka kumi."

"Kisha ukarudi na papa, munasheka, munasheka. Nikavua."

Unga ulikuwa umejaa beseni na umeanza kumwagika pembeni. Hakuna aliyeuzuia. Orpa alinyoosha mkono, akaushika mguu wa binti yake pale ulipokuwa karibu, kifundo cha mguu, akaushikilia. Alikuwa ameisimulia siku ile mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na mara zote watu walicheka, na mara zote mtoto huyu alikuwa anagawa sahani nyuma ya watu.

Kisha Mimi akapangusa mikono kwenye sketi, na sauti yake ikawa ile ya kawaida, ndogo.

"Mama, niiandike? Kitabu kinafungwa kesho. Unipatie téléphone."

Orpa aliitoa simu mfukoni. Aliishika mkononi mwake, yenye jina lao wote wawili, akafikiria Madame Clémentine akiisoma, na darasa, na ndugu wa Kolwezi, na watu wasiomjua Mimi hata kidogo.

"Kesho asubui utaandika yote," alisema, na akairudisha simu mfukoni. "Leo uache ile habari kwanza ikuwe yangu."